Saa Mbili ya Nani? Mwongozo wa Kuiandikia Ajenti Maelezo ya Zana

Dereva wa lori alifika kwenye geti la Port Bell saa nane usiku. Ujumbe ulioingia kwenye simu yake ulisema mzigo utatolewa kuanzia 02:00, naye, mtu anayejali kazi, alilala mapema, akaamka, akateremka Luzira gizani. Geti limefungwa. Askari amejifunika koti. Waliokuwa zamu ni mbu tu. Karani alipofika na funguo saa mbili asubuhi, dereva alikuwa amemaliza matusi ya Kiganda na kuanza ya Kiswahili.

Hakuna aliyemdanganya. Karani wa ofisi moja ya uwakala wa forodha aliandika kwenye mfumo "saa 2", kama anavyoandika siku zote, na mtu yeyote pale bandarini angemwelewa. Ajenti ya akili mnemba niliyokuwa nimewafungia ikasoma "saa 2". Zana ya kutuma ujumbe ilidai saa kwa tarakimu nne, basi ajenti ikajaza 02:00 na kutuma. Kosa lilikuwa langu. Nilipoandika maelezo ya zana ile, kwenye nafasi ya saa niliweka neno moja: "Saa."

Tangu siku hiyo nimeandika maelezo ya zana nyingi, mengine mazuri, mengine ya kuona haya, na ninachokuandikia hapa ndicho ambacho ningependa mtu angeniambia kabla dereva yule hajaamka.

Kwanza tuelewane maneno. Ukisema "wakala" Luzira, utaulizwa: wa forodha au wa mobile money? Kwa hiyo humu wakala ni mtu. Ajenti ni programu ya akili mnemba inayopewa kazi, ikapanga hatua zake, ikaita zana za kuzitimiza. Zana ni kipande cha programu kinachofanya jambo moja: kutafuta safari ya meli, kukokotoa ada, kutuma ujumbe. Maelezo ya zana ni maandishi mafupi yanayoitambulisha zana hiyo kwa ajenti: jina lake, sentensi chache za kazi yake, na nafasi za kujaza, kila moja na maana yake. Utaratibu wenyewe ni mchanga. OpenAI waliufungulia watengenezaji programu Juni 2023, na Novemba 2024 Anthropic wakatoa kanuni ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ili zana iliyoandikwa mara moja iweze kutumiwa na ajenti za watu mbalimbali. Ukihama kutoka kampuni moja kwenda nyingine utakuta mabano yamebadilika, lakini jina, maelezo na nafasi viko pale pale.

Iandike kama hati ya behewa

Kama hujawahi kuona meli ya mabehewa ikipakiwa, siku moja nenda uone. MV Umoja, iliyojengwa miaka ya 60 enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ina reli sakafuni. Behewa linasukumwa kutoka reli ya nchi kavu na kuingia ndani ya meli, linavuka ziwa, linatoka upande wa pili likiwa juu ya magurudumu yale yale. Njia ya Mwanza na Port Bell ilikuwa imelala kwa miaka mingi, mpaka 2018 Umoja ikaanza tena kuvusha. Ninachotaka ukitazame ni lakiri mlangoni. Anayelipokea behewa Port Bell hakuwapo lilipofungwa Mwanza, na hafungui mlango kuchungulia ndani. Anasoma karatasi. Karatasi ikisema saruji, kwake ni saruji.

Ajenti iko hivyo hivyo mbele ya zana yako. Haioni msimbo ulioandika. Haioni hifadhidata. Haijui kwamba safu uliyoiita "hali" ina herufi K kwa "kimefika" na Z kwa "kimezuiwa". Inaona karatasi tu, na karatasi hiyo umeiandika wewe usiku, umechoka, ukidhani ni maelezo ya kumkumbusha mwenzako ofisini.

Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Mtengenezaji programu amezoea kumwandikia mtengenezaji mwenzake, na mwenzake akikwama atafungua msimbo au atakuja mezani kuuliza. Ajenti haiji mezani. Ikikosa jambo kwenye maelezo, itachukua lile linaloelekea kuwa kweli duniani kwa jumla, na duniani kwa jumla 2 ni 02:00. Kwa hiyo kazi yako unapoandika ni kukamata yale ambayo kila mtu wa Port Bell anayajua bila kuambiwa, na kuyaandika. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu usichohitaji kuambiwa ndicho usichokumbuka kukisema.

Saa na siku

Nianze na lililoniumiza. Waswahili na Waganda huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Ssaawa bbiri ya Mganda ndiyo saa mbili yetu. Ukiiuliza modeli, yaani akili mnemba iliyo ndani ya ajenti, "saa mbili asubuhi ni saa ngapi kwa Kizungu", itakujibu sawasawa: 8:00. Maarifa inayo. Haikuyatumia siku ile kwa sababu hakuna kitu kwenye nafasi yangu kilichoiambia kwamba maandishi yatakayoingia yametoka kwa karani anayehesabu kwa Kiswahili.

Nafasi ile sasa inasomeka hivi:

"saa_ya_kutoa: Saa ambayo mzigo utaanza kutolewa, kwa mfumo wa saa 24, kwa saa za Afrika Mashariki (UTC+3). Mfano: 08:00. Makarani huandika kwa saa za Kiswahili: 'saa 2 asubuhi' ni 08:00 na 'saa 2 usiku' ni 20:00. Ikiwa maandishi hayataji asubuhi, mchana, jioni wala usiku, usikisie. Muulize karani kabla ya kutuma."

Hesabu maneno yake na utaona ni mengi kuliko "Saa" mara arobaini na zaidi. Kila moja limelipiwa na mbu wa Luzira.

Halafu kuna siku, na hii ilinichukua muda kuigundua. Kwa mazoea ya pwani usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kijana wa Kampala aliyesomea kila kitu kwa Kiingereza akisema "Friday night" anamaanisha usiku unaokuja baada ya Ijumaa. Mfanyabiashara mwenye asili ya Tanga na kijana huyo wanaweza kuandikiana "usiku wa Ijumaa", wakakubaliana vizuri kabisa, wakakosana kwa siku nzima. Usijaribu kuumaliza mjadala huo ndani ya zana. Dai tarehe, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na uandike kwamba jina la siku likija pamoja na neno "usiku", ajenti itaje tarehe waziwazi na kuomba uthibitisho.

Samaki mmoja, majina matatu

Yule samaki mdogo wa kukaushwa anayepita Port Bell kwa magunia huitwa mukene na Waganda, dagaa na watu wa Mwanza, omena na watu wa Kisumu. Sangara wa Mwanza ni mputa wa Kampala na mbuta wa Kisumu. Sato ni ngege. Ukimuuliza mzee yeyote mwaloni atakucheka. Anajua tangu utotoni. Hifadhidata haijui. Ofisi iliyosajili shehena kwa jina "mukene" ikiulizwa na mteja wa Mwanza kuhusu "dagaa" itajibu haina, na ajenti itamwambia mteja kwa adabu zote kwamba mzigo wake haupo. Jibu la uongo lililosemwa kwa adabu ni baya kuliko kimya.

Dawa ni kuifunga nafasi. Badala ya kuiacha ajenti iandike chochote, ipe orodha ya maneno yanayokubalika (dagaa, sangara, sato, nyingine) na katika maelezo uweke majina mengine ya kila samaki. Ajenti ni hodari wa kulinganisha maneno ikishajua kwamba yanapaswa kulinganishwa. Nafasi yenye majibu manne haikosewi kwa urahisi kama nafasi iliyo wazi, na hili ni kweli kwa bandari, aina ya mzigo, hali ya shehena, chochote chenye orodha unayoijua mwanzo na mwisho.

Majina ya meli yana mitego yake. Kenya ina MV Uhuru na ina MV Uhuru II; mteja atasema "Uhuru" tu. "Victoria" ni ziwa, na ni meli ya miaka mingi ya Mwanza na Bukoba. Hata Bell yenyewe: bandari ilipewa jina la gavana Hesketh Bell mwaka 1908, kisha kiwanda cha bia kilichoanzishwa hapo hapo mwaka 1946 kikaipa bia yake jina la bandari, kwa hiyo anayeuliza "Bell imefika?" huenda anasubiri meli, huenda ana kiu. Nacheka, lakini ujumbe wa aina hiyo upo katika simu ya kila karani. Andika: "Ikiwa jina linaweza kuwa zaidi ya kitu kimoja, rudisha yote yanayolingana, usichague." Kisha hakikisha zana yenyewe inafanya hivyo, maana maelezo yakiahidi kitu ambacho msimbo hautekelezi, ajenti itaamini maelezo.

Namba haina maana mpaka uipe

Tuna shilingi tatu kuzunguka ziwa moja. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya 20 za Uganda, na ya Tanzania iko katikati. Nafasi iitwayo "kiasi" yenye maelezo "kiasi kwa shilingi" ni shimo lililofunikwa majani. Iite "kiasi_ugx", au weka nafasi ya pili ya sarafu yenye UGX, KES na TZS tu, na useme ajenti ifanye nini mteja asipotaja. Mimi hupenda jina libebe kipimo ndani yake: uzito_kg, urefu_m, kiasi_ugx. Mtu anaweza kuruka maelezo, jina haliruki.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa maji. Mei 2020 ziwa lilipanda mpaka likafurika kando zake, gati la Port Bell likiwemo, na kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42. Sasa fikiria zana iitwayo "kimo_cha_ziwa" inayorudisha 13.42 bila neno lingine. Ajenti itakayoulizwa na mgeni kuhusu kina cha ziwa itajibu mita 13, na mgeni ataamini, wakati sehemu yenye kina kirefu inafika takriban mita 80. Ikiulizwa ziwa liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, itatoa hiyo hiyo 13, wakati jibu ni kama mita 1,134. Zote tatu ni mita, zote tatu ni za ziwa lile lile, na hakuna hata moja inayoweza kukaa mahali pa nyingine. Ile ya 13.42 ni alama iliyosomwa kwenye nguzo ya Jinja kuanzia sifuri ya nguzo hiyo. Sentensi moja ingetosha: "Hurudisha usomaji wa nguzo ya kipimo ya Jinja kwa mita, kuanzia sifuri ya nguzo, si kina cha ziwa wala kimo kutoka usawa wa bahari."

Utaona nimerudia kueleza kile kinachorudishwa. Watu hutumia wino wao wote kwenye kinachoingia na kusahau kinachotoka, ilhali ajenti lazima isome jibu na kulifasiri kwa binadamu.

Zana moja nzima

Nikuonyeshe moja kwa ukaribu. Toleo la kwanza, ambalo nimelikuta katika mifumo ya watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao:

"Jina: meli. Maelezo: Hupata taarifa za meli."

Na hili ndilo lililokuja kufanya kazi:

"Jina: tafuta_safari_za_mabehewa.

Maelezo: Hutoa ratiba ya meli za mabehewa kati ya Port Bell na bandari nyingine za ziwa kwa tarehe ulizotaja. Itumie mteja anapouliza meli itafika au itaondoka lini. Usiitumie kujua meli iko wapi sasa hivi. Hatuna zana ya hilo, mwambie mteja apige simu ofisini. Kujua mzigo wa mteja umo katika safari ipi, tumia tafuta_shehena. Ratiba huandikwa na karani kila asubuhi na hubadilika kwa hali ya ziwa, kwa hiyo kila jibu litaje ilisasishwa saa ngapi. Orodha tupu maana yake hakuna safari iliyoandikwa. Haimaanishi kwamba safari imefutwa au meli imeharibika.

inakotoka: port_bell, mwanza_kusini, kisumu au jinja. Mteja akisema 'Mwanza' tu, tumia mwanza_kusini. Mabehewa hayapiti Mwanza Kaskazini.

inakokwenda: orodha ile ile.

kuanzia, mpaka: tarehe kwa mwaka-mwezi-siku. Zisipite siku 14."

Msomaji makini ataona sentensi zenye "usi" na "si" zinakaribia kuwa nyingi kama za kawaida. Ni makusudi. Ajenti yenye zana kumi inachagua kati ya kumi, na kilicho kigumu kwake ni mpaka kati ya zana hii na ile inayofanana nayo. Mpaka huo huchorwa kwa kukana. Sentensi ya orodha tupu niliiongeza baada ya ajenti kumtangazia mteja kwamba safari zote za wiki zimefutwa, kumbe karani alikuwa na malaria na hakuna aliyeandika ratiba.

Kosa nalo ni maelezo

Zana ikikataa ombi, maneno inayorudisha yanasomwa na ajenti kama inavyosoma maelezo ya kwanza. Kwa hiyo andika kosa kama mtu anayetaka kusaidia.

Chukua nambari ya kontena. Kwa kanuni ya ISO 6346 ina herufi nne na tarakimu saba, mfano CSQU3054383, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na alama kumi zilizoitangulia. Maana yake zana yako inaweza kugundua nambari iliyoandikwa vibaya kabla ya kugusa hifadhidata. Mteja anaisoma kwa simu huku kreni ikinguruma, herufi O inageuka sifuri, 5 inageuka 9. Zana ikirudisha "Kosa 400", ajenti itajaribu tena nambari ile ile mara tatu, kisha iombe radhi. Ikirudisha "Tarakimu ya mwisho haikubaliani na zilizotangulia, yaelekea kuna alama iliyosomwa vibaya. Mwombe mteja atume picha ya mlango wa kontena", ajenti itamwomba mteja picha. Kwa sentensi moja umeokoa dakika kumi, na simu moja ya hasira.

Tofautisha pia kosa la mtu na kosa la mfumo. "Nambari hii haimo" na "Sikuweza kuifikia hifadhidata" ni habari mbili. Moja inamrudisha mteja kwenye karatasi zake, nyingine inamwomba asubiri.

Zana zinazogusa dunia

Kutafuta ratiba mara mia hakumdhuru mtu. Kutuma tamko la forodha mara mbili kunamdhuru. Zana zinazobadilisha kitu (kutuma, kufuta, kulipa, kuagiza lori) ziandikie wazi mambo matatu: nini kitatokea nje ya kompyuta, kama kinaweza kurudishwa, na nani lazima akubali kwanza. Sentensi kama "Ukishatuma, tamko haliwezi kufutwa na ofisi hii, mwonyeshe karani muhtasari na usubiri aandike NDIYO" inafanya kazi nzuri.

Inafanya kazi nzuri, lakini usiitegemee peke yake. Maelezo ni maneno, na ajenti iliyochanganyikiwa huyapita maneno kama boda boda anavyoipita taa nyekundu. Kufuli liwe ndani ya msimbo: zana ikatae kutuma bila idhini ya karani iliyohifadhiwa mahali ambapo ajenti haiandiki. Maelezo yanaieleza ajenti kwa nini mlango umefungwa. Mlango ufungwe na kitu kingine.

Na ukiazima zana za watu kutoka kwenye mtandao, yasome maelezo yake yote kwa macho yako. Ajenti huyachukua kama maagizo, na mtu mbaya anaweza kuficha humo sentensi ya kuiambia ajenti impelekee faili zako.

Zana ngapi, na kwa lugha gani

Chache. Ofisi moja ilinionyesha zana 31, kila jedwali la hifadhidata na zana yake, saba kati ya hizo zikihusu meli. Ajenti ilikuwa inapapasa. Tulizipunguza mpaka tisa kwa kufuata maswali yanayoulizwa dirishani. Mteja haulizi jedwali la safari, la vituo na la vyombo, anauliza "mzigo wangu utafika lini?" Kama swali hilo linadai zana tatu ziitwe kwa zamu, tengeneza moja inayolijibu. Kila maelezo pia hula nafasi katika kumbukumbu ya kazi ya ajenti na hulipiwa kwa tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma) katika kila ombi, yawe yametumika au la.

Kuhusu lugha, rafiki zangu wengi huandika maelezo kwa Kiingereza hata kama ofisi nzima inazungumza Kiswahili, na wana sababu: modeli nyingi zimesoma Kiingereza kingi zaidi, na neno la Kiswahili mara nyingi hukatwa vipande vingi vya tokeni. Nimefanya hivyo pia. Siku hizi naandika kwa Kiswahili pale ambapo karani anasoma Kiswahili, kwa sababu karani ndiye anayejua kosa liko wapi. Maelezo asiyoweza kuyasahihisha yataoza bila mtu kunusa. Port Bell ina Kiganda, Kiingereza na Kiswahili katika mstari mmoja wa foleni. Ofisi ambayo karani wake anaandika Kiganda, fanya hesabu hiyo upya. Usichanganye lugha mbili ndani ya maelezo ya zana moja isipokuwa unapotaja maneno ya wateja, kama nilivyofanya kwa mukene.

Isome mbele ya anayejua

Kabla ya kubadilisha modeli, kabla ya kulipia modeli kubwa zaidi, kusanya ujumbe thelathini wa kweli wa wateja, ukiwa umefuta majina na nambari za simu. Chagua michafu: iliyokatika, yenye makosa ya tahajia, yenye "saa 2". Ipe ajenti mmoja mmoja, kisha usiangalie jibu la mwisho kwanza. Angalia iliita zana ipi na ilijaza nini. Jibu zuri linaweza kutoka kwenye zana isiyo sahihi kwa bahati, na bahati haiji kazini kila siku. Ukikuta kosa, badilisha sentensi moja, rudia thelathini zote. Ukibadilisha sita kwa pamoja hutajua ipi iliponya na ipi iliua. Nimeona watu wakihama kampuni ya modeli kwa tatizo ambalo lingeondolewa na maneno manane.

Kisha fanya jambo ambalo hakuna programu itakufanyia: chapisha maelezo kwenye karatasi, umpe karani, ukae kimya. Usimweleze. Mwache asome kama ajenti inavyosoma.

Karani wa ofisi ile ya dereva alisoma ukurasa wangu wa tatu huku akinywa chai, kalamu sikioni. Kwenye saa alitikisa kichwa akaendelea. Kwenye samaki alicheka, akaongeza jina la nne ambalo sikuwahi kulisikia. Alipofika kwenye zana ya kuagiza lori, kwenye nafasi niliyoiita "mahali_pa_kuchukulia", yenye mfano wangu safi wa "Port Bell", akashusha kikombe.

"Ssebo," akaniuliza, "Port Bell gani? Gatini au mwaloni?"

Mabehewa hushukia gatini, penye reli. Mitumbwi ya visiwani hushushia mwaloni, penye mchanga na wachukuzi, na lori la tani kumi likiingia kule wakati wa mvua halitoki bila kusukumwa. Nilikuwa nimepita pale mara hamsini. Nikachukua kalamu yake, nikafuta mfano wangu, nikaandika: gatini, mwaloni. Akaichukua tena kalamu, akaongeza kwa mkono wake: "Kama ni mwaloni, uliza uzito wa lori kwanza."